Dola ya Mia Moja Sitini

"Mimi sijasema umekula, Mama Shantel. Nimesema pesa imelika, na aliyeshika kijiko ni wewe."

"Hebu rudia."

"Nirudie mara ngapi? Hata watu wa mtaa wa Kivumbini wamesikia."

Nakhumicha aliweka beseni chini polepole. Hakutaka ovaroli za mumewe alizotoka kuzifua zirudi kwenye vumbi. Upande wa pili wa kamba ya nguo, Wangu alikuwa akianika mapazia ya mitumba ya kuuza aliyoyatoa kwenye belo asubuhi hiyo, na kila pazia alilotundika alilipiga kofi moja la nguvu, kana kwamba nalo lilikuwa na deni lake.

"Wangu, mimi na wewe tumekaa hapa miaka mingapi?"

"Usiniletee miaka. Niletee elfu thelathini na mbili ya chama."

"Sina!"

"Najua huna. Iko jikoni kwako, ina milango miwili na inanguruma."

Anyango, aliyekuwa akimsuka mteja mlangoni pake, alicheka kabla hajajizuia, kisha akajifanya anakohoa. Mteja mwenyewe, kichwa kikiwa kimesukwa nusu, aligeuka mzima mzima ili aone vizuri. Madirisha matatu yalifunguka. Katika nyumba za kanju, zile za baraza la mji, hapa mtaani Flamingo, Nakuru, ukuta mmoja ni wa majirani wawili, na ukipiga chafya huku unaambiwa pole kule. Ugomvi wa kamba ya nguo ni redio ya bure.

"Friji nimenunuliwa na Baba Shantel, pesa ya sacco!" Nakhumicha alipaza sauti, na sasa hakuwa akimwambia Wangu, alikuwa akiyaambia madirisha. "Anayetaka risiti aje!"

"Risiti hata mimi naweza kuandikiwa," Wangu akasema. Akachukua beseni lake akaingia ndani. Hakuubamiza mlango. Aliufunga polepole mpaka komeo likaingia, na hilo ndilo lililomuuma Nakhumicha, maana Wangu akifanya mzaha hubamiza mlango; akikasirika kikweli huufunga taratibu.

Mambo yalikuwa hivi. Majirani wa nyumba kumi na sita walikuwa na chama, Jirani Kwanza, na kwa miaka mingi pesa yao ililala benki ikinenepa kidogo sana. Nia ilikuwa kununua viti, hema na masufuria makubwa ya kukodisha kwenye harusi na matanga, kwa sababu walichoka kukodi kwa watu wengine na kurudisha viti huku wakiangaliwa kama wezi. Halafu Lewis, kijana wa Wangu anayefanya kazi kwenye meli za watalii na kulipwa kwa dola, akaja likizo ile Januari ya mwaka wa elfu mbili ishirini na nne. Akakuta mtaa mzima unalia juu ya shilingi. Dola moja ilikuwa imefika mia moja na sitini. Unga juu, mafuta juu, nauli juu.

"Sasa mbona mnalia?" Lewis akawauliza. "Hamieni upande wa dola."

Akawafungulia akaunti kwa dalali mmoja wa hisa za Amerika, ile ya kuangalia kwenye simu. Shilingi zao zikageuka dola elfu nne, na dola zikanunua vipande vya makampuni ambayo hakuna mtu wa Flamingo aliyewahi kuona hata geti lake. Simu yenye app ikakaa kwa mweka hazina, na mweka hazina alikuwa Nakhumicha. Hakuchaguliwa kwa sababu ya shule. Alichaguliwa kwa sababu kila mtu hupita kwake kila siku hata hivyo.

Na pesa ikazaa. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Nakhumicha aliifungua app mbele ya mkutano, na mara nyingi rangi ilikuwa kijani na mshale ukiangalia juu. Baada ya mwaka na nusu, zile elfu nne zilikuwa elfu nne mia nane. Faida asilimia ishirini, simu ilisema yenyewe, hakuna aliyeishika mkono.

Lakini nani anakula dola Flamingo? Watu walitaka kusikia shilingi. Kwa hiyo ikawa desturi: Nakhumicha anasoma dola, anainua mkono, anauliza, "Na dola yetu ni ngapi?" Mkutano mzima unajibu kwa pamoja, na kofi moja katikati: "Mia moja... pa! ...sitini!" Kisha Mzee Hiram, mwenyekiti, aliyeendesha treni za mizigo mpaka akastaafu, anazidisha kwenye simu yake na kutangaza jumla, na watu wanashangilia kama harambee imepita. Ilikuwa sehemu tamu kuliko zote za mkutano, tamu hata kuliko chai. Hakuna aliyeona haja ya kuigusa.

Mwezi huu wakakubaliana watoe dola elfu moja, viti vianze kununuliwa. Hesabu ilikuwa wazi: laki moja na sitini elfu. Benki ikaingia laki moja na ishirini na nane. Nakhumicha akatangaza hivyo hivyo kwenye group, hakuficha hata ndururu. Na wiki ile ile, kwa bahati yake mbaya, pikapu ikasimama mlangoni pake na vijana wawili wakashusha friji.

Lewis angeeleza kwa dakika mbili. Lakini Lewis alikuwa baharini, na akiwa katikati ya maji hata mamake humsubiri wiki tatu ndipo simu ishike. Umbeya nao hausubiri meli ifike.

*

Kilichofuata ni kimya, na Nakhumicha hakuwa ameumbwa kwa kimya.

Nyumba yake ilikuwa ile ya watu. Anayesubiri fundi wa stima alisubiri kwake. Anayetoroka mawifi alitorokea kwake. Nani amehama usiku bila kulipa kodi ya nyumba, nani ameonekana Kikopey akila nyama na mtu asiye wake, yote yalifika kwanza kwenye meza ya Nakhumicha, yakapimwa, yakatiwa chumvi, ndipo yakaruhusiwa kwenda mtaani. Ingawa Shantel alikuwa shule ya bweni na nyumbani wamebaki yeye na mumewe, alikuwa hapiki chakula cha watu wawili. Hakujua hata kinavyopikwa. Sufuria yake ndogo kabisa ilikuwa ya watu wanane.

Sasa hakuja mtu. Watoto wa jirani waliokuwa wakiangalia katuni kwake waliitwa majina yao yote matatu wakarudi makwao. Anyango alipita mbele ya mlango akisema "Sasa, Mama Shantel," bila kupunguza mwendo, na Anyango alikuwa mtu ambaye hajawahi kupita mlango huo bila kuketi tangu ahamie.

Mumewe, Khaemba, fundi wa kuchomelea mageti, siku mbili za kwanza aliona kama amepewa zawadi. Aliangalia mpira mpaka mwisho, rimoti mkononi, bila mtu kumuuliza yule mwenye viatu vya rangi ya chungwa ameoa. Siku ya tatu akafungua friji mpya akakuta ugali wa juzi, maharagwe ya jana na chapati za siku zote mbili zimepangwa kama matofali.

"Mama Shantel," akasema, "hii friji tulinunua iweke chakula cha watu ambao hawajakuja?"

"Mkono umezoea. Napima unga, mkono unaongeza."

"Basi nenda benki. Uliza. Tukiendelea hivi nitakula chapati ya Jumatatu mpaka Krismasi."

Akaenda. Alivaa ile suti yake ya kanisa ya rangi ya zambarau, kwa sababu mtu akienda kuuliza kama ni mwizi lazima avae vizuri. Pale benki alimpata msichana mpole, jina lake Kimberly limeandikwa kwenye kibandiko kifuani, ambaye alibonyeza kompyuta na kumtazama.

"Mathe, dola zako elfu moja zote zilifika. Hakuna iliyopotea."

"Zote?"

"Zote. Tukazibadilisha kwa rate ya siku hiyo. Mia moja ishirini na nane."

"Na ile ya mia moja sitini?"

Kimberly akacheka, bila ubaya. "Hiyo ya kitambo, mathe! Wakati huo mimi hata sikuwa nimeajiriwa."

Nakhumicha akarudi nyumbani kwa miguu, viatu vya kanisa vikimuuma, akiigeuza kauli hiyo kichwani. Dola zilifika zote. Simu inasema faida. Na pesa ni kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Vitu hivyo vitatu vilikataa kukaa kwenye kiti kimoja. Alipomweleza Khaemba, Khaemba alikwaruza doa la kuungua kwenye kidole.

"Kwa hivyo hakuna mwizi," akasema.

"Hakuna."

"Sasa nenda uwaambie hakuna mwizi, uone kama watakubali. Watu wameshajiandaa kwa mwizi, mama. Huwezi kuwanyima hivi hivi."

Na ilikuwa kweli. Mzee Hiram alikuwa ameshatuma ujumbe: mkutano wa dharura Jumapili baada ya kanisa, ajenda moja, mweka hazina. Wangu naye alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye group, wa dakika tatu, akieleza kwamba yeye hana neno na mtu, ila Mama Shantel aje na simu ya chama, aje na elfu thelathini na mbili, na aje akiwa tayari kupumzika. Neno "kupumzika" alilitamka kama mtu anayefunika maiti.

Elfu thelathini na mbili Nakhumicha angeweza kuitafuta. Angekopa, angeuza friji. Lakini akiilipa amekubali, na akikubali, nyumba yake itabaki hivi ilivyo, na yeye atazeeka akiwa na sufuria ya watu wanane na mume mmoja.

*

Siku ya Ijumaa alipitia sokoni kununua nyanya. Njia ya kwenda kwenye nyanya hupita kwenye mapazia, na kwenye mapazia kuna Wangu. Nakhumicha akasikia sauti yake kabla hajamwona, akaingia haraka nyuma ya mapazia mazito ya maua makubwa yaliyoning'inia mpaka chini, akasimama humo kama mzigo wa dukani.

"Customer wangu, usinikimbie! Hii mwaka jana singekuuzia hivi, ningekufukuza. Nakuuzia hivi kwa vile dola ilishuka. Ilishuka, belo ikashuka, na mimi si mtu mbaya, nikashuka na wewe. Chukua mbili."

Mteja akanung'unika kitu.

"Ndio, ilishuka! Kwani hukusikia? Ile wakati ilikuwa juu hata mimi nilikuwa nakula ugali na chumvi. Siku hizi Mungu ni mwema."

Nyuma ya maua makubwa Nakhumicha alishika mdomo kwa mikono miwili. Vile vitu vitatu vilivyokataa kukaa pamoja vikakaa. Vikaketi, vikapanga miguu, vikaomba chai.

Akaondoka bila nyanya.

Mtu mwingine angerudi mbio akamwambie Wangu pale pale. Nakhumicha alitaka sana. Lakini sokoni wangemsikia watu wa sokoni tu, na jina lake halikuharibiwa sokoni, liliharibiwa mtaani. Kwa hiyo akalibeba jambo hilo mpaka Jumapili bila kumwambia mtu, na kwa mtu kama yeye ilikuwa kama kubeba maji ya moto mdomoni. Jumamosi Khaemba alimwona akitabasamu akichambua mchele.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Wewe? Hakuna?" Khaemba akamgusa paji la uso aone kama ana homa.

*

Sebule ya Mzee Hiram ilijaa mpaka mlangoni. Waliokosa viti walikaa kwenye makreti ya soda. Wangu alikaa mbele, leso mpya kichwani, mkoba mapajani, sura ya mtu aliyekuja kwa kazi. Khaemba alisimama ukutani kwa sababu alisema akiketi atalala.

Mzee Hiram aliomba, akakohoa. "Mama Shantel, tunakuheshimu. Lakini elfu thelathini na mbili ni viti arobaini. Viti arobaini haviwezi kutembea vyenyewe."

"Kweli, mzee."

"Basi una nini la kusema?"

Nakhumicha akasimama. Simu ya chama akaiweka mezani, wote waione. "Kabla sijajibu, nataka kumuuliza Mama Lewis swali moja la biashara."

"Uliza," Wangu akasema. "Mimi siogopi swali."

"Ile Januari Lewis alikuja, belo ya mapazia ulikuwa unanunua ngapi?"

Sasa, Wangu alikuwa na udhaifu mmoja ambao mtaa mzima unaujua: huwezi kumuuliza juu ya biashara yake akakunyima. Mgongo wake ulinyooka wenyewe. "Elfu arobaini. Arobaini! Na ukifungua unakuta nusu ni shuka. Nilikuwa nalia, mnakumbuka."

"Tunakumbuka. Na siku hizi?"

"Thelathini na mbili. Ukijuana na mtu wa godauni, hata thelathini na moja."

"Kwani mapazia yameharibika?"

"Nani amesema yameharibika? Mzigo ni ule ule, tena msafi. Ni dola ilishuka. Mwenye godauni analeta mzigo na dola, si na shilingi. Dola ikishuka na yeye anashu..."

Akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Malizia, mama."

"Na yeye anashusha," Wangu akasema, kwa sauti ndogo ambayo watu hawakujua kwamba anayo.

"Ilishuka kutoka ngapi?"

Midomo ilikuwa imeanza kutembea yenyewe, kwa mazoea, na nyuma kabisa, kwenye kreti ya soda, Anyango alipiga kofi moja akaimba peke yake: "Mia moja... pa! ...sitini!"

Sebule ikapasuka. Watu walicheka mpaka mtoto wa mtu akaamka akalia. Mzee Hiram alivua miwani akafuta macho, na alipoivaa tena alikuwa ameshaelewa, kwa maana uso wake ulianguka kidogo.

"Ngoja," Wangu akasema, akisimama. Hakuwa mtu wa kuanguka mara moja. "Ngoja kwanza. Simu inasema faida. Kijani! Asilimia ishirini! Sisi wote tumeona. Faida inawezaje kuwa faida na pesa iwe imepungua?"

"Hata mimi hilo lilinilaza macho," Nakhumicha akasema. "Sasa angalia. Wewe umenikuta na vikombe vinne vya chai, vile vikubwa vya Baba Shantel. Ukarudi jioni ukakuta vikombe karibu vitano. Si utasema chai imeongezeka?"

"Nitasema."

"Lakini jioni nimebadilisha vikombe. Hivi ni vile vidogo vya wageni. Chai iko wapi?"

Wangu akafikiria. "Iko pale pale. Au imepungua."

"Simu inahesabu vikombe, Mama Lewis. Ni simu ya Amerika, huko kikombe ni kile kile, haina haja ya kujua sisi tunakunywa na nini. Dola ziliongezeka kweli, hatukudanganywa. Ila kila dola ikiletwa hapa Nakuru, imekuwa kikombe kidogo. Na sisi tumekaa hapa mwaka na nusu tukipima kwa kikombe cha zamani, tukijipigia makofi. Mimi nikiwa wa kwanza."

Mzee Hiram alikuwa ameshaanza kubonyeza simu yake. Akazidisha elfu nne mia nane kwa mia moja ishirini na nane, akaangalia, akazidisha tena kama mtu anayetumaini mashine imechoka. "Laki sita na kumi na nne na kitu," akasema. "Yote, pamoja na hii tumetoa."

"Na tuliweka?"

"Laki sita na arobaini."

Nje pikipiki ilipita, ikarudi.

"Kwa hivyo," Khaemba akasema kutoka ukutani, "tulikuwa tunashangilia hasara."

"Hasara ndogo," Nakhumicha akasema.

"Mzee, wewe ndiye ulikuwa unazidisha!" mtu akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Mimi nilizidisha mlichoniambia!" Mzee Hiram akajibu, amekasirika kikweli. "Nimeendesha treni miaka yote, sijawahi kwenda mahali reli haiendi. Mlisema sitini, mkapiga na makofi!"

Na hapo hakuna aliyeweza kumnyooshea mwingine kidole, maana kila mkono uliokuwemo humo ulikuwa umepiga lile kofi. Wengine walikuwa wamelipiga kwa nguvu kuliko wengine, na Wangu alikuwa mmoja wao.

"Lakini nani amekula sasa?" Anyango akauliza, akijikaza asicheke. "Maana mapazia yalishuka, na mwenye mapazia akafaidi. Elfu thelathini na mbili yetu si iko kwa kamba ya Mama Lewis? Tumekuwa tukiipita kila asubuhi!"

"Kumbe mwenye kula ni wewe, Mama Lewis!"

"Rudisha viti vyetu!"

"Apumzike!"

Wangu alijaribu kukunja uso. Aliukunja upande mmoja, upande wa pili ukakataa, na kicheko kikamtoka puani kama chai iliyokosea njia. "Ng'ombe nyinyi," akasema, akijifuta kwa leso mpya. "Ng'ombe kabisa. Na mimi nilikuwa nasema sokoni Mungu ni mwema."

Baada ya hapo mkutano ulienda haraka. Waliotaka pesa yote itolewe, iishe maneno, walisema yao. Waliotaka ikae, kwa sababu dola iliyoshuka inaweza kupanda na vikombe vikawa vikubwa tena, walisema yao pia. Mzee Hiram akauliza je, ikishuka zaidi? Anyango akasema basi Mama Lewis atanunulia watu soda. Mwisho wakakubaliana viti vinunuliwe vile ambavyo laki moja na ishirini na nane itaweza, vilivyobaki vitakuja baadaye, na zile dola nyingine ziendelee kukaa huko kwenye makampuni yasiyo na geti. Kuanzia sasa, kabla ya kusoma simu, mweka hazina atauliza bei ya dola ya wiki hiyo. Na mweka hazina ni yule yule. Hilo halikupigiwa hata kura. Mtu alimrudishia Nakhumicha simu mkononi, na mkutano ukahamia kwenye swali la rangi ya viti.

*

Ujumbe wa sauti wa Wangu ulifika kwenye group saa kumi, na ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwanza. Lakini hakuishia hapo. Kuna nyumba mbili za wazee wasio na simu za group, na kuna binamu yake wa mtaa wa pili aliyekuwa ameipata ile habari ya wizi ikiwa ya moto. Wangu akafunga leso akaenda mlango kwa mlango. Neno la kuharibu alikuwa amelitawanya kwa nusu saa akiwa ameketi. Hili la kutengeneza lilimchukua jioni nzima kwa miguu, maana kila mlango ulitaka maelezo ya vikombe tangu mwanzo, na kwenye kila mlango aliongeza kitu. Alipofika nyumba ya mwisho, Nakhumicha alikuwa ameshakuwa mhasibu aliyekataa kazi Nairobi.

Nakhumicha hakutoka kusikiliza. Alikuwa jikoni, jasho usoni, kuku wa kienyeji akichemka, mrenda ukiwa umeshaiva pembeni, na sufuria ya ugali iko motoni. Alipima unga bila kufikiria, mkono ukaongeza, akauacha uongeze. Kutoka sebuleni alisikia viti vikivutwa. Anyango alikuwa ameingia bila kubisha, kama zamani, na alikuwa ameshamnyang'anya Khaemba rimoti. Watoto watatu walikuwa sakafuni. Khaemba alikuwa akilalamika kwa sauti ya mtu aliyepata alichokuwa akikitaka.

Kivuli kikasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Nimepita tu," Wangu akasema.

"Umepita ukienda wapi? Hii ndiyo nyumba ya mwisho, mbele ni ukuta."

Wangu akaangalia ukuta, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka juu ya kifundo. "Ulisikia ile sauti nilituma?"

"Nilisikia. Umeniita mtu wa hesabu mara nne."

"Niliona nisipunguze."

"Hiyo ya Nairobi ungeiacha. Ukuta umenifikishia."

"Hiyo ilinitoka tu. Yule mzee alikuwa haamini."

Nakhumicha aligeuza ugali mara mbili, mara tatu, mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. Hakumrahisishia. Alimwacha asimame pale mlangoni kiasi cha jirani wa upande wa pili kuchungulia dirishani na kuona nani amemwendea nani. Kisha akasikia mwenzake akivuta pumzi.

"Nilikosa, Nakhumicha."

Wangu hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Shantel azaliwe.

"Ulikosa," Nakhumicha akasema. "Ulikosa vibaya. Wiki nzima nimekula chapati na mume wangu kama wagonjwa."

"Pole."

"Hata hajui kuongea, yule. Anakula, anaangalia mpira. Nilikuwa na habari ya yule mwenye duka la mbolea karibu initoboe tumbo, sina wa kumwambia."

Wangu akainua kichwa haraka. "Ya mwenye duka la mbolea? Na yule wa Kuresoi?"

"Wewe umesikia nini?"

"Mimi nimesikia nusu tu."

"Nusu gani?"

Wangu akaweka mguu mmoja ndani ya kizingiti, kisha akakumbuka akaurudisha. Kutoka sebuleni Anyango akapaza sauti kuuliza kama ugali unasafiri kutoka Kakamega, na watoto wakacheka. Nakhumicha alifunika sufuria, akajifuta mikono kwa kanga, akachukua sahani kutoka kwenye rafu, akaongeza moja.

"Kuku ni mkubwa na mrenda ninao, najua utasema unateleza, utakula hivyo hivyo," akasema. "Nawa mikono hapo kwa karai. Ingia, Mama Lewis, keti tule."